Valvu za zamani au mpya? Amplifaya ya marehemu babu inakwaruza upande wa kulia

#1 MwanaChumbageni
Wakuu, salaam.

Nimerithi amplifaya ya babu, ya Kiingereza, kwa kukisia ni ya miaka ya 1960 (jina la mbele limefutika). Ina valvu nane (zile chupa za kioo zinazowaka ndani): EL84 nne, ECC83 tatu na moja nene imeandikwa GZ34. Babu alikuwa anapigia santuri zake za dansi kila Jumapili baada ya chakula. Alipofariki ikakaa kabatini miaka 11. Mwezi uliopita nimeitoa, nikaifuta vumbi, nikaiwasha, ikapiga! Mama aliacha sufuria jikoni akaja kusimama mlangoni.

Tatizo ni hili. Ikifika kama dakika 20 upande wa kulia unaanza kukwaruza, kama mtu anakanyaga majani makavu. Nikizima ikapoa, nikiwasha tena iko safi, halafu mambo ni yale yale. Fundi mmoja hapa Tanga kaniambia valvu zote nane zimekwisha, nitupe ninunue mpya. Mwingine kaapa kwamba nikizitupa nitakuja kulia, kwa kuwa za zamani ndizo valvu na za siku hizi ni chupa tu.

Nani mkweli? Na valvu nzima inajulikanaje kwa macho?

#2 KibaoKata
Nimeshavuta kigoda na kahawa ninayo. Wajuzi karibuni.

#3 FundiLuthuli
Usitupe kitu, boss. Hapa Nairobi nimeona watu wakitupa valvu nzima halafu wanarudi kuzitafuta kwa jalala. Fanya hivi: zima stima, ngoja zipoe kabisa, toa ECC83 ya kulia uweke kushoto, na ya kushoto uweke kulia. Washa, subiri hizo dakika 20. Kelele ikihamia kushoto, valvu ndiyo mwizi. Ikibaki kulia, valvu haina makosa. Halafu rudia na EL84. Hiyo haikugharimu hata shilingi.

Kuhusu macho: angalia ule mng'aro wa fedha juu ya kioo, ndani. Ukiwa bado unang'aa, valvu ina ombwe. Ukigeuka mweupe kama maziwa, hewa imeingia na hiyo ni maiti.

#4 Bi_Santuri
Mwanangu, pole na hongera kwa urithi. Mimi niko Mombasa, nina redio ya mbao ya marehemu baba na kigramafoni kimoja cha valvu. Kabla ya kugusa valvu nakuuliza: kwenu mnakaa karibu na bahari? Hewa ya chumvi inakula soketi. Pini zinashika kutu nyembamba usiyoiona, ikipata joto inatanuka na kukwaruza kunaanza. Mimi nilinunua valvu tatu bure mwaka ule, kumbe dawa ilikuwa mswaki na spiriti.

#5 MwanaChumbageni
Bi_Santuri, shikamoo. Chumbageni hapa, bahari tunainusa kutoka barazani.

FundiLuthuli, asante, nafanya jioni. Mng'aro upo kwenye zote, ila EL84 moja ile fedha imekuwa ya hudhurungi na nyeusi pembeni. Hiyo imeungua?

#6 Dogo_Gitaa
Nyeusi ni kuungua mkuu, hiyo weka pembeni. Na kabla hujahamisha EL84 yoyote lazima u-seti bayasi (volti ya kuibana valvu isipitishe umeme kupita kiasi) upya, la sivyo anodi, yale mabati ya ndani, zinakuwa nyekundu kama jiko la mkaa. Mimi natumia amplifaya ya gitaa yenye EL34 hapa Mwanza, najua ninachosema.

#7 Mhandisi_Mstaafu
Habari zenu vijana. Nimefanya kazi na mitambo ya redio miaka mingi, naomba nirekebishe mawili matatu.

Dogo (#6), rangi ya ile fedha si kipimo cha uchovu. Ile ni bariamu. Kiwandani, chupa ikishafyonzwa hewa na kuzibwa, kijikombe kidogo ndani hupashwa moto kwa mawimbi, bariamu ikalipuka na kujipaka kwenye kioo. Kazi yake maisha yote ni kunyonya hewa kidogo inayojitokeza humo. Nyingine hutoka kiwandani na fedha safi, nyingine hudhurungi, nyingine kubwa, nyingine kama ukucha. Nyeupe tu ndiyo hukumu, hapo Fundi yuko sahihi.

La pili, bayasi. Amplifaya za nyumbani za aina hii nyingi zinajiwekea bayasi zenyewe kwa rezista iliyoko kwenye kathodi, ile sehemu inayotoa elektroni. Umeme ukizidi kupita, volti ya kathodi inapanda na valvu inajibana yenyewe. Hakuna cha kuseti. Yako ya gitaa ni ya bayasi ya kudumu, ina kidude cha kuzungusha. Hizo ni dunia mbili.

La tatu, Fundi (#3). Jaribio la kubadilishana ni zuri ila halijakamilika. Ana ECC83 tatu na pande mbili. Kila ECC83 ni triodi mbili, yaani vikuza sauti viwili, ndani ya chupa moja. Kwa mpangilio huo, mara nyingi moja inahudumia pande zote mbili, nusu kulia na nusu kushoto, na mbili zilizobaki kila moja inagawa mawimbi kwa upande wake. Akibadilishana zile mbili, ile ya pamoja haijapimwa. Nusu yake moja inaweza kuwa mgonjwa na nyingine nzima.

#8 FundiLuthuli
Kweli Mzee, hiyo nimeiruka. MwanaChumbageni, ile ya pamoja usiihamishe kwanza, igonge taratibu na kifutio cha penseli wakati inapiga. Ikilia ngring'i kama kengele kwa spika, au ikikwaruza upande mmoja tu, umeipata.

#9 Chuma_cha_Pua
Samahani nitakuwa mkali kidogo. Mnahangaika na nini? Amplifaya ya transista ya bei ya kawaida inatoa wati mara 5 ya hiyo, haihitaji kupasha, haihitaji mswaki. Hiyo ya babu iwe pambo sebuleni, kijana anunue kitu cha kisasa.

#10 Bi_Santuri
Chuma, wati za nini? Yeye anasikiliza sebuleni, hapigi ngoma ya arusi. Wati 10 zinatosha kumwamsha jirani. Na babu yake ameuliza nani?

#11 Mswahili_wa_Matrah
Assalaam aleikum kutoka Muscat. Naongezea la umeme, maana hakuna aliyeuliza. Nilileta amplifaya ya Kimarekani ya volti 120, hapa kwetu ni 240. Nikanunua transfoma ya kushusha nikadhani nimemaliza. Kumbe kule umeme ni hezi 60 na hapa 50, na transfoma iliyopimiwa 60 tu inachemka zaidi kwenye 50. Ilinukia varnishi wiki nzima. MwanaChumbageni, yako ya Kiingereza ni ya hezi 50, hapo uko salama, lakini angalia nyuma imewekwa kwenye volti ngapi.

#12 MwanaChumbageni
Waaleikum salaam. Nyuma kuna kichaguzi, imewekwa 230. Ila umeme wa mtaani kwetu haushikiki. Nimepima leo: saa moja jioni 190, saa sita usiku 250.

Majibu ya jaribio: nimebadilishana zile ECC83 mbili za pembeni, kelele IMEBAKI kulia. Nikabadilishana EL84, imebaki kulia. Ile ya katikati nimeigonga na penseli, inalia kidogo kama kikombe, pande zote mbili.

#13 Mhandisi_Mstaafu
Hizo namba za umeme ni habari yenyewe. Hita, yaani uzi wa kupasha, ya valvu hizi (zote isipokuwa GZ34) inataka volti 6.3, uvumilivu asilimia 10 juu au chini. Kwa 250 kwenye kichaguzi cha 230 hita zako zinapata 6.8 na ushee, mpakani kabisa. Kwa 190 zinapata 5.2, nje ya mpaka. Hita ikiwa baridi kathodi haitoi elektroni za kutosha, sauti inakuwa chafu. Ikizidi moto, kathodi inachakaa haraka. Kijana anaweza kununua valvu bora za dunia nzima akazimaliza kwa umeme wa namna hii.

Kwa wasiojua, majina yenyewe yanakwambia. E ya mwanzo ni hita ya volti 6.3, G ni volti 5. C ni triodi, kwa hiyo CC ni triodi mbili. L ni pentodi ya nguvu, ya kusukuma spika. Z ni ya kunyoosha umeme wa ukutani uende upande mmoja. 8 ni kitako kidogo cha pini 9, 3 ni kile kikubwa cha pini 8. Ukijua hayo hudanganywi dukani.

#14 KibaoKata
Mzee umenifumbua macho. Miaka yote nilidhani EL84 ni mwaka 1984.

#15 Dogo_Gitaa
Nakubali kurekebishwa Mzee, shikamoo. Ila la wekundu nalishikilia, naomba wengine wajifunze kwangu. Usiku mmoja katikati ya shoo niliona anodi ya EL34 moja inawaka nyekundu. Nikasema nimalize wimbo. Sikumaliza: fyuzi haikukatika kwa sababu fundi aliyenitangulia aliweka kubwa kuliko inavyotakiwa, transfoma ya kutolea (ile ya kuelekea spika) ikaungua. Chanzo kilikuwa kapasita ndogo ya kuunganisha iliyovuja ikapeleka volti chanya kwenye gridi, ule wavu wa ndani unaodhibiti umeme. Valvu ilikuwa mhanga tu. Ukiona wekundu kwenye bati la ndani, ZIMA hapo hapo. Si wa hita, ule wa katikati ni wa kawaida.

#16 Mswahili_wa_Matrah
Na ile buluu? Zangu zina mwanga wa buluu, mke wangu anaogopa.

#17 FundiLuthuli
Buluu ikicheza kwa kioo, upande wa ndani, haina shida, ni elektroni zinagonga kioo. Inapendeza hata. Ikiwa ni zambarau au waridi na imejaa KATIKATI ya bati, hiyo ni gesi. Toa.

#18 Kasuku_Leicester
Nimechelewa. Kuhusu swali la kwanza, mpya au za zamani, huku Uingereza soko la zamani ndipo penye utapeli wenyewe. Mullard walikuwa na kiwanda Blackburn na kila mtu anataka za Blackburn, kwa hiyo watu wanafuta jina la valvu ya kawaida wanapaka jina la Mullard. Usiangalie rangi ya juu, inafutika kwa kidole. Angalia zile herufi ndogo za kijivu zilizochorwa kwenye kioo karibu na kitako: mstari wa pili ukianza na B, hiyo Blackburn. Telefunken za Kijerumani zina alama ya almasi iliyofinyangwa kwenye kioo chini, kati ya pini. Iliyopakwa rangi ni bandia.

Na jina Mullard unaloliona leo kwenye boksi jipya limetoka Saratov, Urusi. Sisemi ni mbaya, nasema ujue unachonunua. Za Slovakia zinatoka Čadca, chapa ya JJ. Za China nyingi zilikuwa zinatoka Changsha. Machi 2022 Urusi ilipozuia baadhi ya bidhaa zake kuuzwa nje, bei zilipaa mpaka watu wakawa wananunua za akiba ya miaka kumi.

#19 MwanaChumbageni
Kasuku, nimekimbia na tochi! EL84 tatu zina mstari wa B. Ya nne imeandikwa jina la Kijapani. ECC83 ya katikati haina maandishi kabisa, babu alibandika plasta yenye tarehe: 3/78.

#20 Bi_Santuri
Plasta ya babu usiitoe.

#21 Chuma_cha_Pua
Swali la kweli, si ubishi: hiyo ya 1978 bado inapiga? Zinakaa muda gani?

#22 Mhandisi_Mstaafu
Ndogo kama ECC83 zinaweza kwenda saa 10,000 na zaidi. Za nguvu kama EL84 ni chache, elfu mbili tatu, nyingine tano, kutegemea zinavyobanwa. Babu wa Jumapili, tuseme muda wa saa tatu, ni kama saa 150 kwa mwaka. Piga hesabu uone kwa nini bado iko hai. Kabatini haichakai, kinachozeeka kabatini ni kapasita.

Na hapo ndipo mimi ninapoelekeza kidole, wala si valvu. Valvu za kulia zimehamishwa, kelele imebaki. Ninashuku rezista za kaboni za anodi, zile za kilo-omu 100. Zinanyonya unyevu, thamani inapanda, zikipata joto zinakwaruza hivyo hivyo kama majani. Dakika 20 ni muda wa chasisi (fremu ya bati) kupata joto.

#23 Bi_Santuri
Mhandisi, kwa heshima yako, na soketi je? Nazo hupata joto dakika hizo hizo.

#24 Dogo_Gitaa
Na kapasita inayovuja pia inavuja zaidi ikipata joto. Apime pini ya 2 ya kila EL84, ile ndiyo gridi. Ikisoma chanya hata volti moja mbili, jibu hilo.

#25 FundiLuthuli
Nami bado niko kwa ile ya katikati. Imelia kama kikombe, 1978, nusu moja imechoka. Mnaiwacha kwa sababu ya plasta.

#26 Mhandisi_Mstaafu
Kabla hajafungua chini, ngoja niseme hili na nisieleweke vibaya. Ndani humo kuna volti 300 za umeme mnyoofu na kapasita zinazishika hata baada ya kuchomoa waya. Nimemzika mwenzangu wa kazi kwa jambo hili. Chomoa. Subiri. Toa chaji kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 yenye mikono ya plastiki, si kwa bisibisi. Pima, hakikisha iko chini ya volti 10 ndipo uguse. Ukipima ikiwaka, mkono mmoja, mwingine uko mfukoni, viatu vya mpira, na mtu mzima yuko chumbani. Na usiwashe kamwe bila spika zote mbili kuunganishwa. Transfoma ya kutolea ikikosa mzigo, volti zinaruka zinapasua insulesheni.

#27 MwanaChumbageni
Nimesoma mara mbili, Mzee. Pole kwa mwenzako. Nitamwita binamu akae nami.

#28 KibaoKata
Hivi hizi tunaziitaje hasa? Kamusini nimeona vali, hapa wote valvu, bibi yangu alikuwa anaita taa za redio.

#29 Bi_Santuri
Sisi tulikuwa tukisema taa. "Redio haijapata taa" maana yake haijapasha. Baba alikuwa anawasha robo saa kabla ya taarifa ya habari na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ilianza na joto, ikaja harufu ya vumbi lililopashika, mwisho sauti ikapanda polepole kutoka mbali.

#30 KibaoKata
Na vile vibati viwili vyeupe vya kushikilia vitu ndani, nimesikia ni ulanga (lile jiwe la matabaka linalong'aa) wa Morogoro.

#31 Mhandisi_Mstaafu
Ni ulanga, ndiyo, kwa sababu unavumilia moto na haupitishi umeme. Na ulanga ulichimbwa milima ya Uluguru tangu enzi za Mjerumani. Lakini kusema umo kwenye chupa ya kijana huyu, hapana.

#32 Kasuku_Leicester
Swali la pembeni: ni kweli ukishika valvu kwa vidole mafuta ya ngozi yanaipasua? Huku kuna wanaovaa glavu.

#33 FundiLuthuli
Hiyo ni ya balbu za gari za halojeni. Valvu haifiki joto hilo kwa kioo. Mimi nashika na mkono, nafuta na kitambaa kikavu. Tatizo la kufuta ni maandishi, yanaenda. Toa ikiwa baridi, vuta wima, tikisa kidogo sana, pini zisipinde.

#34 MwanaChumbageni
Mrejesho wakuu.

Jumamosi nimefungua na binamu. Tumetoa chaji kama Mzee alivyoagiza. Chini ya chasisi nimekuta mjusi amekauka, mayai mawili ya mjusi, na vumbi la chumvi kwenye soketi za upande wa kulia, ule uliokuwa dirishani. Nimepiga mswaki na spiriti soketi zote, nikabana vishikizo vilivyolegea kwa sindano. Kapasita kubwa ya kuchujia imeandikwa 220, naona fundi wa zamani alibadilisha.

Nimewasha. Saa mbili nzima, KIMYA. Mama kapiga vigelegele.

#35 Bi_Santuri
Mswaki na spiriti! Sina la kuongeza.

#36 Mhandisi_Mstaafu
Nafurahi, lakini hiyo 220 inanitia wasiwasi kuliko kelele. GZ34 inaruhusiwa kapasita ya kwanza isiyozidi maikrofaradi 60. Ikizidi, kila ukiwasha kapasita tupu inavuta umeme kwa pupa na siku moja utaona cheche ndani ya hiyo chupa nene. Hakikisha kama ndiyo ya kwanza kutoka GZ34 au ya pili. Ya pili haina neno.

#37 Mswahili_wa_Matrah
Mjusi kwetu pia. Wanafuata joto. Mimi nimeweka wavu mwembamba chini, lakini nimeacha hewa ipite.

#38 Bi_Santuri
Hewa! MwanaChumbageni, umeiweka wapi? Usije ukaniambia kuna kitambaa juu.

#39 MwanaChumbageni
Kilikuwepo, cha kufuma, cha mama. Nimekihamishia kwenye spika tukakubaliana.

GZ34: nimefuata waya, 220 ni ya pili. Ya kwanza ni 32, ya asili.

#40 Chuma_cha_Pua
Nimefuatilia mpaka hapa. Marehemu mjomba aliacha redio kubwa ya mbao Moshi, ina macho ya kijani yanayofunga na kufungua ukitafuta stesheni. Wikiendi nakwenda kuitazama. Naiwashaje baada ya miaka 30?

#41 FundiLuthuli
Karibu kwetu! USIIWASHE. Kwanza kapasita zile za karatasi, fungua uzi wako, ntakuja. Hilo jicho nalo ni valvu, EM kitu fulani, angalia namba.

#42 MwanaChumbageni
Wakuu, narudi na habari mbaya. Mvua imeanza kunyesha hapa saa kumi. Nimewasha saa kumi na moja, umeme 205, na upande wa kulia unakwaruza tena. Si dakika 20, ni dakika 6.

#43 Bi_Santuri
Unyevu. Soketi hazikukauka vizuri.

#44 Mhandisi_Mstaafu
Unyevu, ndiyo, ila ni rezista zinazounywa.

#45 FundiLuthuli
205 volts, Mzee, wewe mwenyewe ulisema. Na bado hiyo ya plasta haijabadilishwa.

#46 Mhandisi_Mstaafu
MwanaChumbageni, bado inakwaruza? Usizime. Mwite binamu. Mkono mmoja mfukoni, mita kwenye volti 600, waya mweusi uubane kwenye chasisi kwa klipu. Nisomee anodi za ile ya katikati, pini ya 1 kisha ya 6, na uniambie kama namba inatulia au inaruka.

#47 MwanaChumbageni
Binamu anakuja na baiskeli. Pini ya 1 imetulia 148, hiyo niliipima juzi ilipokuwa kimya. Nipeni dakika kumi nisome ya 6.